Mtoto wa Kwanza Asiwe Ndiye Kipimo

(Hotuba kwa wakunga, wauguzi na wazazi, katika maadhimisho ya Siku ya Magonjwa Adimu)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, wakunga na wauguzi, wengine wenu mmetoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, poleni na kazi, na ahsanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie upandikizaji wa seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli za damu, kwa watoto wachanga waliozaliwa na magonjwa adimu ya kurithi, yale yanayoharibu umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kujenga na kuvunjavunja kemikali zake. Mtu akisikia hivyo anaweza kuona haya ni mambo ya mbali. Kwa upande wa matibabu ni kweli, maana mengi nitakayowasimulia yalifanyika London, New York, na Durham kule North Carolina. Lakini magonjwa yenyewe hayachagui nchi. Watoto hawa wanazaliwa kwetu pia. Tunawalea miezi michache, kisha tunawazika, na kwenye cheti tunaandika nimonia.

Niwaeleze kwanza anavyokuwa mtoto mwenye ugonjwa wa Krabbe, kwa sababu nyinyi mtamwona kabla ya daktari yeyote. Anazaliwa mzima. Uzito mzuri, kilio kizuri, ananyonya mpaka anasinzia. Miezi miwili, mitatu, nyumba nzima inafurahi naye. Halafu, kabla hajatimiza miezi sita, anabadilika. Analia, na kilio chenyewe hakibembelezeki. Umbebe, umnyonyeshe, umtoe nje, haisaidii. Mlango ukigongwa anashtuka mwili mzima. Miguu inakakamaa kiasi kwamba kumbadilisha nepi kunakuwa kazi ya watu wawili. Mwangalieni mikono: ngumi zimefungwa, dole gumba limefichwa ndani ya vidole, na ukilitoa taratibu, ukiliachia linarudi palepale. Anapata homa, anapimwa malaria, hakuna. Anapimwa tena, hakuna. Maziwa yanaanza kumpalia. Shingo aliyokuwa ameanza kuikaza inalegea, na kile kicheko alichokuwa anamchekea mama yake hakionekani tena. Wengi wao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili.

Huyo mama, kabla hajafika kwetu, ameshaambiwa ni mchango. Ameshaambiwa ni degedege, ameshaambiwa kuna mtu amemtazama mtoto vibaya. Ameshazunguka zahanati tatu na kwa mtaalamu wa tiba asili mmoja au wawili. Simlaumu hata kidogo. Sisi wenyewe hospitalini mara nyingi hatumpi jibu lililo bora kuliko hayo.

Daktari wa neva wa Denmark, Knud Krabbe, ndiye aliyewaandika watoto watano wa namna hii mwaka 1916, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Kwa miongo mingi baada ya hapo kilichowezekana ni kuutambua tu na kumwonea mtoto huruma.

Sasa sikilizeni habari hii. Mwaka 2005 timu ya Chuo Kikuu cha Duke, kulekule Durham, wakiwemo Dkt. Maria Escolar na Dkt. Joanne Kurtzberg, ilichapisha matokeo ya watoto 25 wenye Krabbe ya uchangani. Wote walipandikizwa seli shina zilizotoka kwenye damu ya kitovu ya watoto wengine, wasio ndugu zao. Watoto 14 kati yao walikuwa wameshaanza kuugua, umri wao ukiwa kati ya miezi mitano na mwaka mmoja hivi. Wengine 11 walikuwa wachanga wa siku 12 hadi 44, hawana dalili yoyote. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitatu, wale 11 wote walikuwa hai. Katika wale 14, waliobaki hai walikuwa 6, na hao sita walichokuwa wameshakipoteza hakikurudi isipokuwa kidogo sana.

Tiba ni ileile na madaktari ni walewale. Kilichowatenga ni tarehe.

Lazima mtu aulize: mtoto wa siku 12, anayenyonya na kulala vizuri, walijuaje kwamba anaumwa? Walijua kwa sababu familia yake ilikuwa imeshaguswa na ugonjwa huo. Alitangulia mwingine akaugua, ugonjwa ukapewa jina, na huyu aliyefuata akapimwa akiwa tumboni au mara tu alipozaliwa. Yaani aliyetangulia ndiye aliyekuwa kipimo cha aliyefuata. Mimi kila nikisoma karatasi ile nawafikiria hao waliotangulia, ambao hawamo katika hesabu ya 25.

Na hili ndilo jambo moja ninalotaka mlibebe leo mkirudi vituoni. Magonjwa haya yanatibika zaidi pale ambapo bado hayaonekani. Kwa hiyo ama tuwe na njia ya kuyaona kabla hayajajionyesha, ama tuendelee kumtumia mtoto wa kwanza wa kila familia kuwa kipimo. Na huku kwetu hata hilo la pili hatulifanyi, kwa sababu mtoto wa kwanza anapofariki hatuandiki alichofariki nacho, na wa pili naye anakuja kama wa kwanza.

Niingie kidogo mwilini, ili mwelewe kwa nini seli za damu zinaweza kusaidia ubongo. Ndani ya seli zetu kuna vifuko vidogo vinavyoitwa lisosomu, na ndani ya vifuko hivyo kuna vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake ya kuvunja kitu fulani kilichokwisha kutumika. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, kimeng'enya kimoja kinakosekana, na kile kilichotakiwa kuvunjwa kinajazana. Ni mtaa ambao gari la taka limeacha kupita: wiki ya kwanza huoni tofauti, mwezi wa tatu njia haipitiki. Ndiyo maana mtoto anazaliwa mzuri. Taka bado hazijajaa.

Kwa Krabbe kinachokosekana ni kimeng'enya kiitwacho galaktoserebrosidasi. Kikikosekana, kemikali iitwayo saikosini inarundikana, nayo ni sumu kwa seli zinazotengeneza mayelini, ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva na kuziwezesha kupitisha taarifa kwa kasi. Mayelini ikiharibika mtoto anakakamaa na kulia kwa maumivu. Kwa ugonjwa wa Hurler, ambao daktari wa watoto Gertrud Hurler aliuandika Munich mwaka 1919, kinachokosekana ni alfa-iduronidasi. Hapo zinarundikana sukari ndefu kwenye ini, wengu, moyo, mifupa, macho na ubongo.

Naomba wauguzi wa kliniki ya watoto mnisikilize hapa kwenye Hurler, kwa sababu dalili zake zinakuja mojamoja na tunazitibu mojamoja. Leo mtoto analetwa na ngiri ya kitovu au ya kinena, anapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Mwezi unaofuata masikio yanatoa usaha, anapewa dawa. Kisha mama anasema usiku anakoroma kama mtu mzima na mafua hayamwachi, anapewa dawa nyingine. Baadaye mtu anagundua kwamba akikaa, uti wa mgongo umetokeza kwa chini, vidole havinyooki sawasawa, kichwa kinakua haraka, mboni za macho zina ukungu. Kila dalili imeandikwa ukurasa wake kwenye kadi, na hakuna aliyefungua kurasa zote pamoja. Mtoto asiyepata tiba mara nyingi hafiki miaka kumi. Mkiona ngiri, masikio, kukoroma na mgongo kwa mtoto mmoja aliye chini ya miaka miwili, mwandikieni rufaa siku hiyohiyo.

Sasa, tiba ilitokea wapi? Mwaka 1968 mwanasayansi Elizabeth Neufeld na wenzake, kule Bethesda nchini Marekani, walikuza kwenye chombo kimoja seli za ngozi za mgonjwa wa Hurler pamoja na za mgonjwa wa Hunter, ugonjwa wa jamii hiyohiyo lakini wenye upungufu wa kimeng'enya kingine. Seli za pande zote mbili zikaacha kurundika taka. Kila upande ulikuwa unatoa nje kile ambacho mwenzake hana, na mwenzake anakivuta ndani na kukitumia. Mara ya kwanza niliposoma jambo hili nikiwa mwanafunzi nililisoma mara mbili, kwa furaha. Maana yake ni kwamba si lazima urekebishe kila seli ya mtoto. Ukiweza kuweka mwilini mwake seli za mtu mwingine zinazotengeneza kimeng'enya, zitagawa kwa zile zilizopungukiwa.

Mwaka 1980, katika hospitali ya watoto ya Westminster, London, Profesa Jack Hobbs na wenzake walimpandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, mtoto wa kiume mwenye Hurler, umri wake mwaka mmoja hivi. Mchangiaji alikuwa mama yake mzazi. Wiki chache baadaye kimeng'enya kilipimwa kwenye damu ya mtoto kikawa kiwango kilekile cha mama. Ini na wengu vilivyokuwa vimevimba vikapungua, ukungu wa macho ukaanza kuondoka.

Tuliangalie hilo vizuri, ndugu zangu. Mama wa mtoto mwenye Hurler naye anabeba jeni moja mbovu. Ana nusu tu ya kimeng'enya cha kawaida, na nusu hiyo imemtosha maisha yake yote bila yeye kujua. Na uloto wake, pamoja na hiyo nusu, ukatosha kumsaidia mwanawe. Yule ambaye ukweni wangemnyooshea kidole kuwa ana mkosi, ndiye aliyetoa tiba.

Kwa nini seli na si sindano ya kimeng'enya chenyewe? Kwa Hurler sindano hiyo ipo tangu mwaka 2003, inachomwa mshipani kila wiki, na inasaidia ini, mapafu na mwendo. Lakini haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Seli zilizopandikizwa zinavuka. Baadhi ya seli za uloto husafiri mpaka kwenye ubongo, hukaa humo na kuanza kutoa kimeng'enya humohumo. Tatizo ni kwamba safari hiyo inachukua miezi mingi, na muda wote huo ugonjwa unaendelea. Ndiyo maana ukimpandikiza mtoto ambaye ubongo umeshaanza kuharibika, anaendelea kushuka wakati seli bado ziko njiani. Kwa Hurler tunatafuta kuwahi kabla ya miaka miwili au miwili na nusu, akili ikiwa haijashuka. Kwa Krabbe ya uchangani wataalamu wanataka mtoto awe amepandikizwa ndani ya siku 30 za kwanza. Siku 30, mama zangu. Sisi wengine arobaini ya mtoto bado.

Niwaeleze pia siku yenyewe ilivyo, kwa sababu watu wanadhani ni upasuaji. Hakuna kisu. Mtoto anawekwa kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa, na kwa siku kadhaa anapewa tibakemia kali inayofuta uloto wake ili kupata nafasi. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mwili wa mtoto wa wiki tatu unapewa dawa tunazozihofia hata kwa mtu mzima. Siku ya kupandikiza, mfuko wa damu ya kitovu unatolewa kwenye naitrojeni ya kimiminika, unayeyushwa, na kilichomo ndani, vijiko vichache tu, kinaingia mshipani mwa mtoto kwa muda usiofika saa moja. Dawa inayolinda seli zisiharibike kwenye baridi ina harufu ya kitunguu saumu, na mtoto huitoa kwa pumzi, kwa hiyo chumba kinanuka hivyo mpaka kesho yake. Kisha wanasubiri wiki mbili, tatu, nne, mtoto akiwa hana kinga kabisa. Kila homa ni dharura. Kila anayeingia ananawa. Seli ngeni zikishika, kuna hatari nyingine: zinaweza kumwona mwenyeji wao kama adui, zikashambulia ngozi yake, ini na utumbo. Baadhi ya watoto wanafariki kwa sababu ya tiba yenyewe, na mzazi lazima aambiwe hivyo kabla hajatia saini.

Damu ya kitovu ilitoka wapi katika habari hii? Mwaka 1988, jijini Paris, Dkt. Eliane Gluckman alimpandikiza mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi kwa kutumia damu iliyobaki kwenye kondo la nyuma na kitovu cha dada yake mchanga. Ilifanikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 benki ya kwanza ya umma ya damu hiyo ikaanzishwa New York. Faida yake kwa watoto wetu hawa ni mbili. Imeshahifadhiwa, kwa hiyo hakuna kumtafuta mchangiaji, kumwita, kumpima, kumsubiri. Na haihitaji kufanana tishu na mgonjwa kwa ukamilifu kama uloto wa mtu mzima.

Hilo la kufanana linatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Utafiti uliofanywa kwenye sajili ya wachangiaji ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mgonjwa mweupe mwenye asili ya Ulaya ana uwezekano wa asilimia 75 wa kumpata mchangiaji anayefanana naye kikamilifu. Kwa mwenye asili ya Afrika ni chini ya asilimia 20. Sababu moja ni kwamba sisi vinasaba vyetu vina tofauti nyingi zaidi kuliko vya watu wengine wote duniani. Sababu nyingine ni kwamba hatumo kwenye sajili hizo. Mtoto wa Kiafrika mwenye Hurler, hata akifikishwa kwenye hospitali bora duniani, anafika na foleni ndefu kuliko wenzake. Na kila siku katika wodi zetu za wazazi tunatupa makondo ya nyuma kwenye shimo.

Nataka niwaambie yote, kwa hiyo niseme na yanayoumiza. Baada ya matokeo ya Duke, jimbo la New York lilianza mwaka 2006 kumpima kila mtoto anayezaliwa ugonjwa wa Krabbe, kwa tone la damu la kisigino. Waliolipigania sana ni wazazi, akiwemo Jim Kelly, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, ambaye mwanawe Hunter alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 2005 akiwa na miaka minane. Katika miaka minane ya mwanzo walipima karibu watoto milioni 2. Waliopatikana na Krabbe ya uchangani walikuwa watano. Wanne walipandikizwa. Wawili kati yao walifariki kwa matatizo yatokanayo na upandikizaji, na wawili waliobaki wamechelewa sana katika ukuaji.

Kuna waliosoma hesabu hiyo wakasema basi, haina maana kupima. Mimi nimeisoma na nimefikia jambo tofauti. Kujua peke yake hakutoshi kama kutoka siku ya kupima mpaka siku ya kupandikiza kunakwenda kwa kusuasua, na kama kituo kinachopokea mtoto hakina uzoefu na watoto wadogo hivyo. Tangu hapo vipimo vimeboreshwa. Sasa wanapima pia saikosini yenyewe kwenye tone lilelile la damu, kwa hiyo wanajua mapema nani yuko hatarini kweli na nani jeni zake zimekaa vibaya tu bila ugonjwa. Na hata wale waliofanikiwa sana, wale wa siku 12 hadi 44, wengi wao wamekua wakiwa na shida ya kutembea ingawa wanaongea, wanasoma, wanacheka na wazazi wao. Watoto wa Hurler waliopandikizwa mapema wanakwenda shule, lakini mifupa yao inahitaji upasuaji miaka yote. Tiba hii haimrudishi mtoto alivyopaswa kuzaliwa. Inampa maisha, na kwa mzazi niliyewahi kukaa naye usiku wa mwisho wa mwanawe, sijui nani angethubutu kumwambia kwamba hayo ni kidogo.

Lipo pia jambo jipya. Kwa ugonjwa wa aina hii uitwao lukodistrofi ya metakromatiki, wataalamu wa Milan walibuni njia ya kuchukua seli shina za mtoto mwenyewe, kuziingizia jeni isiyo na kasoro, kisha kumrudishia. Hakuna kutafuta mchangiaji, wala seli za mgeni kumshambulia mwenyeji. Ulaya waliiidhinisha mwaka 2020, Marekani mwaka 2024. Bei yake ya Marekani ni dola milioni 4.25 kwa mtoto mmoja. Na hiyo nayo, pamoja na bei hiyo yote, inafaa zaidi kabla dalili hazijaanza.

Kwa sababu ya jina hili la seli shina, niwaombe jambo. Kuna vidonge na poda vinauzwa mitaani na mitandaoni, vinaitwa seli shina, vinaahidi kutibu kisukari, kupooza, hata mtindio wa ubongo wa watoto. Seli shina hai haikai ndani ya kidonge. Mzazi akikuuliza, mwambie asiuze shamba. Na hata upandikizaji wa kweli haufai kila ugonjwa: Sanfilippo, kwa mfano, ni ndugu wa karibu wa Hurler, lakini upandikizaji haujausaidia ubongo wa watoto wake.

Nije nyumbani. Magonjwa haya mengi yanarithiwa kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa mzima lakini na jeni moja mbovu iliyojificha mwilini. Kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Kila mimba, narudia, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba wa kwanza akiumwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Kwetu Pwani na Visiwani, na kwa ndugu zetu walioko Omani, kuoana mtoto wa ami na mtoto wa ami au binamu upande wa mjomba ni jambo la heshima na la kuunganisha ukoo. Sikuja kulivunjia heshima. Ila watu wenye babu mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba jeni mbovu ileile, kwa hiyo kabla ya posa au kabla ya mimba waulizeni bibi na mashangazi, wao ndio wenye kumbukumbu: katika ukoo huu, kuna watoto waliozaliwa wazima kisha wakafariki wangali wachanga? Wangapi? Kwa nani na nani? Wenzetu wa Muscat wana upandikizaji wa uloto katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos tangu miaka ya 1990, na wanalijua suala hili vizuri.

Na sisi hatuanzi na mikono mitupu. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, walianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani za damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Selimundu ndiyo inayostahili kutangulia, kwa wingi wa watoto wetu wanaoumia nayo, na silalamiki juu ya hilo. Lakini chumba kile cha hewa safi, wauguzi wale waliofunzwa, maabara ile inayolinganisha tishu, ndivyo hivyohivyo anavyovihitaji mtoto wa Hurler.

Na kipimo? Dada zangu wa kliniki ya mama na mtoto, nani kati yenu hajawahi kuchoma kisigino cha mtoto wa wiki sita aliyezaliwa na mama mwenye VVU? Unapasha kisigino joto, unachoma pembeni, unafuta tone la kwanza, unajaza miduara kwenye karatasi, unaianika bapa mbali na jua, unaifunga na kuituma maabara. Karatasi hiyohiyo ndiyo wanayoitumia New York. Mikono inayojua kazi hiyo imejaa katika nchi hii, hata kwenye zahanati za visiwani. Kinachokosekana ni maabara upande wa pili inayopima vimeng'enya, na hilo ni suala la uamuzi na bajeti. Tuwaombe wakubwa zetu walianze, hata kwa familia zenye historia peke yake.

Wakati tunasubiri, nina ombi ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Mtoto akiugua kwa namna niliyoieleza na mkaona anaondoka bila jina la ugonjwa, jazeni miduara ya damu kwenye karatasi kabla hajafariki, kwa ridhaa ya wazazi. Ikausheni vizuri, iingie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kile kifurushi cha kunyonya unyevu, na ikae kwenye friza. Joto na unyevu huharibu vimeng'enya, lakini vinasaba hubaki kwenye karatasi kwa miaka. Kisha andikeni kwenye kadi ya mama, kwa herufi zinazosomeka: mtoto aliyetangulia alifariki akiwa na miezi mingapi, alikuwa na nini, sampuli iko wapi. Mama huyo akirudi na mimba nyingine, asisubirishwe mpaka azae ndipo rufaa itafutwe. Apelekwe mapema, akiwa bado na miezi ya kutosha ya kupima, kuuliza na kuandaa.

Mada yangu imeishia hapo. Nimeambiwa nina nafasi mpaka saa nane mchana. Mwenye mtoto anayemtia wasiwasi, au kadi au faili la mtoto aliyekwisha kufariki ambalo halikuwahi kumpa jibu, aje nalo pale kwenye meza ya nyuma tulisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Ahsanteni sana.